Mama Yetu wa Ukindu, na Wivu Uliotuachia

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu mchana ule ulipotuacha, na bado tukipita pale sokoni macho yanakwenda yenyewe kwenye baraza la duka lililofungwa, mahali ulipokuwa ukikaa, mguu mmoja umeunyoosha, mwingine umeukunja, na uchane wa ukindu umeubana kwa meno.

Siku ya mazishi yako watu walisimama wakasema hukuwa na kinyongo na mtu yeyote. Sisi wanao tulitazamana. Baba aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, waombolezaji wakamwendea kumpa pole. Hawakujua kwamba alikuwa anazuia kicheko. Hukupenda kuvishwa sifa za watu wengine, kwa hiyo leo tunakukumbuka kama ulivyokuwa. Ulikuwa mkarimu. Ulikuwa mchapakazi. Na ulikuwa na wivu kama moto wa pumba, ule unaowaka chini kwa chini huku juu mtu anaona majivu tu.

Ulikuwa fundi wa vikapu vya kuhifadhia, vya unga, vya nafaka, vya mbegu. Ulianza na kitako, kidogo kama kifungo cha shati, nyasi ikizunguka na ukindu ukiishona, duara juu ya duara, mpaka ubavu ukapanda. Ukimaliza ulikiweka kikapu sakafuni ukakipiga kofi ubavuni. Kikiyumba, ulikifumua chote bila kusema neno. Tulikuwa wadogo, tunalia kwa huruma ya kazi iliyopotea, wewe umeshaloweka chane upya kwenye beseni.

Rangi yako nyeusi ya ukindu uliichemsha nyuma ya bafu, mlango umefungwa, na sisi tumetumwa dukani kununua chumvi ambayo nyumbani ilikuwapo tele. Hata Baba hakuijua. Alikuuliza mara moja tu unatia magome gani humo, ukamwuliza anataka kumpelekea nani.

Mwanamke akijifungua mtaani kwetu, kikapu chako kilifika kabla ya jamaa zake. Lakini ukimkuta ana ndoo ya plastiki mlangoni, salamu yako ilikuwa fupi. Mtu akikuletea kikapu kilichotoboka ulikishona bure, mradi kiwe chako. Kikiwa cha fundi mwingine ulikigeuza huku na huku kama mtoto wa watu aliyeletwa na kamasi puani, ukasema kwa upole kabisa, “Mrudishie mamake.”

Mimi ninayeandika haya ni mwanao wa pili, na niliamua kusuka nywele. Hilo nalo ulilionea wivu. “Unasuka kitu kinachofumuliwa kabla mwezi haujaisha,” ulikuwa ukiniambia, “na bado mtaa mzima wanakuita msusi. Mimi nasuka kitu kinachowazika wenyewe, naitwa mama wa vikapu.” Kisha ulikaa mbele yangu nikusuke, na ukiondoka saluni ulipita njia ndefu ili kila mtu akuone kichwa.

Lakini wivu wako mkubwa, Mama, ulikuwa na jina. Ulikuwa wa Mama Vifuniko.

Alikuja barazani akiwa mjane mgeni mjini, amebeba mzigo wa ukindu asijue pa kuuweka. Wenzako walitandaza mikeka yao wasimwachie nafasi. Wewe ukajisogeza. Ukampa nyasi kavu, ukampa shazia yako ya akiba, ile sindano nene ya kushonea, ukamshika vidole na kumwonyesha jinsi kitako kinavyoanza. Hilo tulilisikia mara nyingi, kwa sababu baadaye ulilisema kila ulipokasirika. “Vidole vile nilivishika mimi.”

Muda si mrefu yule mgeni akaanza kutengeneza vifuniko, na vilikuwa vifuniko ambavyo hakuna aliyepata kuviona. Mtu alikishika kifuniko juu akanyanyua, kikapu kizima kikaja pamoja nacho. Alikigeuza kidogo tu, kikafunguka kwa mlio kama wa mtu anayesonya. Sisimizi hakupenya. Wateja wakaanza kusimama kwake, na ndipo watu wakampa lile jina.

Siku moja mama mmoja alichukua kikapu chako, akakisifu, akakipapasa ubavu, kisha akakuuliza, “Hamna chenye kifuniko kama vya yule?”

Jioni ile hukula. Ulitengeneza kifuniko, kikalegea kama kofia ya mzee kwenye kichwa cha mtoto. Ukatengeneza kingine, kikabana hata Baba akakifungua kwa bisibisi. Wiki ile nyumba yetu ilijaa vifuniko visivyo na mwenyewe. Baba, masikini, fundi baiskeli asiyejua hatari inapotokea, akasema, “Si umwombe tu akuonyeshe?”

Ulimtengea chakula, ukaondoka, akala na ukuta.

Na kama hilo halikutosha, baada ya muda alirudi kutoka kazini na kikapu kidogo chenye kifuniko, kizuri, chenye mstari mwekundu kiunoni, ametia ndani gololi za magurudumu ya baiskeli. Tulikuwa sebuleni sote. Kaka yetu mkubwa, ambaye leo ni dereva wa lori, alikiona kwanza akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

“Umekipata wapi hicho?” ukauliza.

“Nimekinunua.”

“Kwa nani?”

“Sokoni,” Baba akasema, na sauti ilikuwa imeshaanza kupungua.

“Sokoni hakuuzi. Wanaouza ni watu. Kwa nani?”

“Gololi zilikuwa zinapotea, mama watoto.”

Ulikichukua kile kikapu, ukakifungua, ukasikiliza ule msonyo wake, ukazimwaga gololi zote sakafuni. Ziliingia chini ya kabati, chini ya kitanda, nyingine zikatoka nje kabisa. Kikapu ukakirudisha mikononi mwake kwa adabu. “Sasa kiko kitupu,” ukasema. “Kirudishe kikatiwe kitu na aliyekishona.” Tulicheka miaka mingi kwa habari ile, lakini siku ile Mama ulikuwa na machozi machoni, na hakuna aliyethubutu kuinama kuokota gololi hata moja.

Ulihama upande wa pili wa baraza. Ulikaa umempa mgongo. Mkiwa na jambo la lazima mlipitisha kwa mtu wa katikati, hata kama mko hatua chache. “Mwambie mwenzako huyo jua linamkaushia chane.” Naye anajibu, “Mwambie aliyekutuma asante, na beseni lake linavuja.” Muuza nyanya aliyekaa kati yenu alikuwa amechoka, alisema angalau mngemlipa kwa nyanya anazoacha kuuza.

Tukikuuliza alikukosea nini, ulitutuma dukani. Hakukutukana. Hakukuibia mteja kwa hila. Alikuwa tu na kitu ambacho mikono yako haikukipata, na alikipata kwa mikono uliyoishika wewe.

Kisha wakaja wale akina mama wa ghala la mbegu. Walikuwa wakulima wenye kikundi chao, mbegu zao zimeota ukungu ndani ya madumu ya plastiki, na sasa walitaka vikapu vikubwa vya ukindu vinavyopumua, lakini vilivyofungwa vizuri visiingiwe na wadudu. Walitembea baraza lote wakipima. Mwishowe msemaji wao akachuchumaa mbele yako.

“Mama, tunataka mwili wako,” akasema, “na kifuniko cha yule.”

Ukaendelea kushona. “Mimi sitengenezi nusu,” ukamjibu.

Akaenda upande wa pili. Tulidhani Mama Vifuniko angeichukua kazi yote, na kwa kweli ulikuwa umetega sikio kuliko sisi. Alisema, “Kama yeye hataki, na mimi sitaki. Vitako vyangu haviwezi kubeba mbegu za kikundi kizima.” Wale akina mama wakaondoka mikono mitupu.

Ulirudi nyumbani umefura kuliko siku zote. Baba akasema huyo mwenzio amekuheshimu. “Ndiyo hiyo,” ukasema. “Anataka kunishinda hata kwa wema.”

Haikuchukua muda, kiharusi kikakujia asubuhi moja ukiwa unafunga kanga. Mkono wa kulia ukaanguka ubavuni kama kitu cha mtu mwingine. Mdogo wetu wa mwisho, nesi, alikuuguza kwa mikono yake. Alikuogesha, akakufanyisha mazoezi, na ulimtii, jambo ambalo kwa wengine wote lilikuwa ajabu. Lakini tukikuletea ukindu uligeukia ukutani. Kikapu ulichokuwa umekianza kilikaa juu ya kabati, ubavu umefika nusu, na chane zilizobaki zimesimama juu kama nywele za mtu aliyeamka. Tulikubaliana kimya kimya kutokigusa.

Ndipo siku moja mchana Mama Vifuniko akabisha hodi. Alikuwa amekuja kwa miguu, na furushi la chane mbichi kichwani. Baba akamkaribisha, akamchemshia chai, akamwuliza habari za sokoni. Sauti yako ikatoka chumbani, imepinda kidogo kwa ugonjwa, lakini ni yako.

“Nani huyo anacheka na mume wangu?”

Hakuna aliyekuwa amecheka. Baba aliweka birika chini kama aliyefumaniwa.

Mama Vifuniko akainuka akaja chumbani. Mimi nilikuwa pembeni ya kitanda nakunja nguo zako. “Nimekuja kuona kama ni kweli unaumwa,” akasema, “maana kule sokoni hakuna habari nyingine. Kila anayenunua kwangu ananiuliza hali yako. Hata kwa kuugua umenizidi.”

“Toka,” ukamwambia.

“Sitoki. Nimetembea na jua lote hili.”

“Basi kaa, unyamaze.”

Akakaa. Macho yake yakaenda juu ya kabati. Akainuka akakishusha kile kikapu.

“Usiguse,” ukasema.

“Siwezi kukigusa peke yangu. Kishike.” Akakuwekea mapajani. Mkono wako wa kushoto ukauzingira ule ubavu, dole gumba likabana nyasi mahali pake, na yeye akapitisha shazia na kuvuta. Ukamwambia amevuta sana. Akalegeza. Ukamwambia sasa amelegeza kama mlevi. Akavuta tena, na mara hii hukusema kitu. Mlikuwa wanawake wawili na mikono mitatu mizima, na ule ubavu ukaanza kupanda.

Nilitoka nikarudisha mlango. Nakiri sikwenda mbali.

Mliendelea kushona, kisha nikamsikia akisema, “Unajua kwa nini nilijifunza vifuniko?”

“Ili uniue,” ukamjibu.

“Vitako vyangu vilikuwa vinayumba. Ulinifundisha, nikajaribu, vikayumba. Nilikuwa nakuona unavyokipiga kofi kikapu kinasimama, narudi nyumbani nalia. Nikaona nishone kitu kizuri juu, watu wasitazame chini.”

Kisha ukacheka, Mama. Tulikuwa hatujakusikia ukicheka tangu ulipougua, na kicheko kile kilimtoa Baba uani na kisu cha vitunguu mkononi.

Tungependa kusema kwamba tulifurahi. Siku ile tulifurahi. Baada ya hapo, ukweli ni kwamba ule moto wa pumba ulihama kutoka kwako ukaja kwetu.

Alikuja kila mchana, na kila mchana mlango ulifungwa. Mkawatumia salamu wale akina mama wa ghala, wakarudi, mkaanza kazi yao, wewe ukiwa umeegemea mito na kutoa amri, yeye akishona, kisha akivitia vikapu vifuniko. Kaka alikuja kutoka safari ya mbali, amekuletea machungwa mazuri, ukamwambia kupitia mlangoni, “Subiri nje baba, tuna kazi.” Mwanamume mzima, ndevu zimeingia mvi, alikaa kwenye ngazi akamenya machungwa yake akala peke yake. Mdogo wetu aliyekuwa akikunyoosha vidole asubuhi na jioni bila mafanikio makubwa alirudi akakuta umeweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia, akaambiwa mwalimu ni Mama Vifuniko. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Na mimi, Mama. Nilikuja Jumamosi na kitana changu na mafuta nikusuke. Nikakukuta umeshasukwa. Mistari ilikwenda upande kama njia ya mbuzi, nyuma mikubwa, mbele midogo. Nikakuomba nifumue nirekebishe. Ukaweka mkono wa kushoto kichwani, ukasema, “Ziache. Mwenzangu amezihangaikia.” Nimesuka maharusi, nimesuka wanawake wanaosafiri kutoka miji mingine kunifuata, lakini sijawahi kuona kichwa nilichokitamani kama kile siku ile.

Baba naye alikuwa na yake. Alisema ulikuwa ukimsimulia kila kitu, ndoto zako, maumivu yako, nani kakusalimia na nani kakununia. Sasa akikuuliza mmeongea nini, ulikuwa ukimwambia, “Mambo ya vikapu.” Alikaa na redio yake sebuleni, sauti ameipunguza hata haisikiki, na sote tulijua anasikiliza nini.

Kisha ikaja ile siku. Mimi nilikuwa saluni, kichwa cha mteja kiko nusu. Mdogo wetu alikuwa zamu. Kaka alikuwa njiani na mzigo. Baba alikuwa ametoka kidogo kununua unga, akakutana na rafiki yake kwenye kona, wakasimama. Uliondoka saa za mchana, umeshika ukingo wa kikapu cha mwisho cha wale akina mama, na aliyekuwa ameshika upande wa pili alikuwa Mama Vifuniko.

Tulipofika alikuwa amekulaza vizuri, amekufunika, amekaa sakafuni. Tulilia. Na tulipomaliza kulia, Kaka alimwuliza jambo ambalo sote tulikuwa nalo mdomoni. “Alisema nini mwisho?”

Akatutazama mmoja mmoja. “Alisema mambo,” akajibu.

Hakuongeza. Si siku ile, si mazishini, si baadaye. Kaka hakumsalimia kwa miezi. Mdogo wetu alisema ni haki yetu, ni mama yetu, anaficha kwa kutukomoa. Mimi nilikuwa nikimwona barazani nageuza shingo. Ilifikia hatua nikamtuma muuza nyanya amwambie ukindu wake umelowa mvua, na neno lilipokuwa limeshanitoka nikasikia, Mama, sauti yako kinywani mwangu.

Wiki hii tumekaa sebuleni kuandika haya. Akabisha hodi. Habari ilikuwa imemfikia.

“Nasikia mnamwandikia,” akasema. “Mmeniweka wapi?”

Kaka akamwambia kwamba hili ni tangazo la kumbukumbu la familia.

“Najua. Nimeuliza mmeniweka wapi.”

“Tuambie alisema nini,” mdogo wetu akasema, “tutakuweka utakapo.”

Mama Vifuniko alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kukaribishwa. Amezeeka mwaka huu. Alifunga na kufungua vidole vyake, vile ulivyovishika wewe, kisha akasema bila ugomvi wowote, “Nyinyi mnaye tangu mlipozaliwa. Aliwanyonyesha, aliwachapa, aliwapeleka shule. Baba yenu anaye tangu ujana. Mimi alininunia karibu miaka yote niliyokaa mji huu. Nina zile alasiri chache, na nina ule mchana wa mwisho. Mkiuchukua na huo, nitabaki na nini?”

Akainuka, akajifunga kanga, akaaga. “Basi msiniweke,” akasema. “Yeye anajua.”

Alikuwa ameshafika nje Baba alipomwita. Baba yetu hapazi sauti, kwa hiyo sote tulishtuka. “Shemeji, rudi. Tukuandike nani?”

Alifikiri, mkono uko kwenye mwimo wa mlango. “Andikeni mwenzake,” akasema.

Kaka alitaka awe wa mwisho kabisa kwenye majina. Baba akasema apangwe kwa heshima. Tumebishana, Mama, tumenuniana, chai imepoa. Mpaka sasa hatujui ulisema nini siku ile, na tukilala usiku tunajiuliza kama jina la mmoja wetu lilikuwamo. Tunamwonea wivu. Tunauandika hapa kila mtu ausome, maana wewe hukuwahi kuficha wa kwako.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi baiskeli; mwenzako wa barazani; mwanao mkubwa, dereva, ambaye hajakubaliana na mpangilio huu; mwanao wa pili, msusi; mwanao wa mwisho, nesi; wakwe na wajukuu zako; na akina mama wa ghala, ambao mbegu zao mwaka huu zimeota.

Pumzika, Mama. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.